Mstari Mmoja wa Mwenza

Bi Rukia alizikwa Kasulu mwezi uliopita, na baba yangu alikuja msibani akiwa na koti la suti na kofia ya kufuma, akasimama na wanaume wenzake nje ya uzio, akipokea pole. Nilimwona kupitia dirisha. Watu walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa na mke. Jafari, mtoto wa Bi Rukia wa ndoa ya kwanza, dereva wa malori na mtu mpole kupita kiasi, hakumwambia kitu. Mimi pia sikumwambia kitu. Lakini niliporudi kwangu Kigoma nilikaa siku mbili simjibu vizuri mume wangu, ambaye hakuwa na kosa lolote, na siku ya tatu nikaona afadhali niyaandike mambo ya mwaka ule wa 2013 kabla sijaanza kuwa mwema. Nikishakuwa mwema nitaanza kusema kila mtu alikuwa na sababu zake.

Habari za ukoo wetu naziruka, hazina ladha. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa sajenti, kwamba alikuwa na wake wawili, mama yangu Kibondo na Bi Rukia Kasulu, na kwamba kwa miaka yote hiyo wanawake hao hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Bi Rukia nilimwita Mama Mdogo, kwa adabu na kwa mbali. Mwaka ule baba alikuwa nje ya nchi kwenye ulinzi wa amani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na matokeo ya kidato cha sita ambayo hayakunipeleka popote isipokuwa jikoni kwa mama.

Kabla ya mwaka ule matibabu ya familia za askari upande wetu yalikuwa mikononi mwa Afande Bugoma, mzee wa zahanati ya kambi, aliyekuwa na daftari la jalada gumu na sauti ya kumfokea mgonjwa kabla hajaeleza anaumwa nini. Tulimsema vibaya sana. Alinuka tumbaku, alifungua dirisha lake anapotaka, na dawa ya maumivu alikuwa akiitoa kama anaitoa mfukoni mwake. Lakini alitujua kwa sura. Katika daftari lake baba alikuwa na ukurasa mzima, na kwenye ukurasa huo wake wote wawili wameandikwa kwa wino wa buluu, mmoja chini ya mwingine, na watoto chini yao. Mama alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, anatokwa na damu wiki mbili katika kila mwezi, na Afande Bugoma ndiye aliyempeleka kwa daktari, akafuatilia mpaka ikapatikana barua ya kumruhusu kufanyiwa upasuaji Kigoma. Barua iligongwa muhuri mwezi wa pili. Mwezi wa tatu likabandikwa tangazo kwamba huduma za wategemezi wa askari sasa zitasimamiwa na wakala mpya, kwa lengo la kuboresha. Jina la kampuni lilikuwa refu na lenye maneno ya matumaini. Sisi tuliiita Wakala tu.

Mkutano wa kumtambulisha Wakala ulifanyika Kibondo, darasani, wake za askari wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Walikuja vijana wawili na gari jeupe, mmoja wa kusema na mmoja wa kushika waya. Yule wa kusema aliitwa Festo, na alivaa shati lenye nembo kifuani na viatu vyenye ncha ambavyo vumbi letu lilikuwa limeshavibadilisha rangi. Alitumia saa nzima kutueleza jinsi tulivyokuwa tukiteseka. Sikuwa najua kwamba tulikuwa tukiteseka kiasi kile. Mashine yao ya kuonyesha picha ukutani ilikataa kuwaka, kwa hiyo akatueleza kwa maneno picha ambazo tungeziona kama ingewaka. Kisha akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu anayetazama saa. Mama akasimama.

"Mwanangu, mimi nina barua ya kupasuliwa. Imegongwa muhuri. Nayo inakwenda wapi?"

"Mama, barua zote za nyuma zitahuishwa."

"Kuhuishwa ni kufanya nini?"

"Ni kuingizwa kwenye mfumo."

"Halafu napasuliwa?"

"Halafu utaratibu unaendelea."

Wanawake wengine walicheka, si kwa furaha. Mama akakaa. Alikuwa amekalia kanga iliyokunjwa mara nne, kama alivyofanya kila mahali mwaka ule, na tulipoinuka aliigeuza haraka, akaitazama, akaitia kwenye mfuko. Tuligawiwa soda na biskuti. Daftari la Afande Bugoma lilipakiwa kwenye gari jeupe, naye akasaini kwamba amelikabidhi, akabaki amesimama mlangoni akijipapasa mifuko kama aliyesahau kitu. Nimefanya kazi dirishani katika hospitali miaka minane sasa, napokea watu na kuwaandikisha, na kila nikisikia mtu wa juu anatamka neno kuboresha namkumbuka mzee yule akijipapasa.

Ofisi ya Wakala kwa wilaya zetu ikafunguliwa Kasulu, na kila mtegemezi alitakiwa kuandikishwa upya. Mama hakuwa na nguvu ya kukaa kwenye basi. Baba akaagiza kwa simu kwamba niende mimi, nifikie kwa Mama Mdogo. Nilikwenda na bahasha yenye cheti cha ndoa cha mama, picha zake ndogo nne na barua yenye muhuri, nikiwa na nia ya kukaa siku tatu. Nilikaa mpaka mwaka mwingine ukaanza.

Bi Rukia alikuwa na duka la vitambaa, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, zikitenganishwa na pazia zito la kijani. Watu wake walitokea Ujiji, na kabla ya Ujiji pwani, jambo alilopenda kulitaja hata pale ambapo halikuulizwa. Sebule ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, na harufu ya udi iliyong'ang'ania hata kwenye mto niliopewa. Siku ya kwanza alinipakulia wali wa nazi na samaki wa mgebuka wa kukaanga, akakaa mbele yangu akinitazama nikila.

"Kwenu mnakula wali?" akauliza.

"Tunakula."

"Siku gani?"

Nilimchukia hapo hapo, na sitaki kujifanya kwamba sikumchukia. Alinisahihisha Kiswahili changu chenye Kiha cha kwetu ndani yake, alinifundisha kukunja kitambaa kana kwamba nyumbani tulikuwa tukivaa majani. Asubuhi ya pili alikuja mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyekuwa akimletea vitenge, nami nikawasikia kupitia pazia.

"Huyu mutoto ni wa nani?" Mkongo akauliza.

"Wa mume wangu."

"Si wako?"

"Nimesema wa mume wangu," Bi Rukia akajibu, na wakaendelea kupimana vitenge.

Ofisi ya Wakala ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Mlangoni kulikuwa na bango kubwa la familia inayocheka, baba mwenye magwanda, mama mmoja, watoto wawili, meno mengi kuliko watu. Ndani alikuwa Festo, peke yake na kompyuta na chupa ya chai. Nilikaa foleni tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika alipokea bahasha, akatoa fomu, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mstari ulioandikwa Jina la Mwenza, wenye nukta nukta kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari mmoja. Akaandika namba ya jeshi ya baba kwenye kompyuta, akangoja, akatafuna kitu.

"Mfumo unaonyesha Sajenti tayari ana mwenza," akasema.

"Ndiyo, ni mama yangu."

"Hapana. Rukia."

Kuhusu barua ya upasuaji aliniambia kwamba imetolewa na msimamizi wa zamani, kwa hiyo haitambuliki, na hata ingetambulika asingeweza kumwombea kibali mtu ambaye si mtegemezi. Alisema hayo bila ukali wowote. Ungemsikia ungedhani ananielekeza njia ya kwenda posta. Nimekutana na watu wakatili maishani, na wengi wao unaweza kuzungumza nao, kwa sababu mkatili anajua kuna mtu mbele yake. Festo alikuwa akizungumza na kompyuta, mimi nilikuwa kelele iliyoko pembeni.

Nilirudi dukani. Bi Rukia alikuwa amesimama nyuma ya meza anakunja doti za kanga.

"Umejiandikisha," nikamwambia.

"Walipita dukani wakaniuliza mwenza wa Sajenti ni nani, nikasema mimi. Ulitaka niseme nani, jirani?"

"Mama anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, si kwa swali hilo. Nilidhani anajua. Nikamweleza kuhusu uvimbe, damu, kanga ya kukunja mara nne, viganja vya mama vilivyokuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua kutwa. Aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na baba yako anajua?"

"Anajua."

"Hakuniambia," akasema, na akaweka kanga juu ya rundo, akailainisha kwa mkono ingawa haikuwa na mkunjo.

Kesho yake alivaa baibui jipya, akafunga duka siku ya soko, jambo ambalo majirani walilizungumza wiki nzima, tukaenda wote kwa Festo. Hakukaa foleni. Alisimama mbele ya meza, na wanawake wa foleni wakamwacha, kwa sababu wengi wao walikuwa wateja wake.

"Huyu bwana ana wake wawili," akamwambia Festo. "Andika wote."

"Mfumo hauna sehemu hiyo, mama."

"Nani kautengeneza?"

"Makao makuu."

"Na huko makao makuu hawajawahi kumwona mwanamume mwenye wake wawili?"

"Mama, mimi natekeleza tu."

"Basi nitoe mimi, umwingize mke mkubwa. Ni mgonjwa."

Festo akasema haiwezekani kumtoa mwenza bila sababu. Akaigeuza kompyuta ili tuone wenyewe, na nadhani aliona kwamba anatufanyia hisani. Palikuwa na maneno Chagua Sababu, na alipobonyeza yakateremka mawili: Kifo. Talaka. Bi Rukia alichomoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akasoma yote mawili kwa muda mrefu kuliko yanavyohitaji kusomwa.

"Hakuna ya mtu aliyeamua mwenyewe?"

"Hakuna, mama."

Jioni hiyo tukampigia baba. Ilichukua majaribio mengi, na alipopatikana Bi Rukia aliweka simu juu ya kabati la vioo, sauti imefunguliwa ili nami nisikie. Baba alieleza kwanza kwamba yuko kazini. Kisha akaeleza kwamba kule aliko kuna mambo makubwa. Alipoelewa kwamba anatakiwa achague jina moja alicheka kidogo, akasema hayo ni mambo ya ofisi, tuzungumze wenyewe tuafikiane. Kisha akatoa ushauri. Alisema mama atumie kadi ya Rukia. "Piga picha na mtandio," alisema. "Mkishajifunika wote mnafanana." Nimekuwa mke sasa kwa muda, na nimemsikia mume wangu akisema mambo ya kipuuzi, lakini mpaka leo sijasikia sentensi iliyonionyesha mtu alivyo kama ile.

Bi Rukia hakukasirika. Alisubiri amalize.

"Nipe talaka," akasema.

"Ya nini?"

"Ya karatasi. Ofisi inataka karatasi. Wakishamtoa Rukia watamwandika mke mkubwa, akatibiwe."

Baba akafikiri. Nilisikia watu wakicheza karata nyuma yake. "Moja tu," akasema. "Halafu nitakurejea. Ni neno tu, hata kwa simu naweza kulisema."

"Kabla eda haijaisha," Bi Rukia akasema. "Ikiisha, neno hilo halifanyi kazi."

"Najua, najua. Dini naijua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kila mmoja katika chumba kile alilielewa jambo lile. Mwanamke aliyepewa talaka moja anakaa eda, kwake ilikuwa kama miezi mitatu, na ndani ya muda huo mume akisema nimekurejea, amemrejea, bila ndoa mpya, bila mahari, bila safari. Barua ya baba ikaja na askari aliyekuwa akirudi likizo, sheikh akaandika hati, nami nikaipeleka kwa Festo. Aliutazama muhuri kwa kuridhika. Jina la Rukia likatoka.

Ungedhani basi mambo yakaisha. Picha za mama zilikataliwa kwa sababu nyuma yake palikuwa na rangi ya buluu, na mfumo ulitaka nyeupe. Nikaenda Kibondo, nikamwegemeza mama kwenye shuka, mpiga picha akaja nyumbani. Zile za nyeupe zikakataliwa kwa sababu sikio moja halikuonekana. Daktari alitakiwa ampime upya kwa kuwa vipimo vya zamani vilikuwa vimechacha, hilo ndilo neno Festo alilotumia, vimechacha, kama maharage. Mtandao ulikuwa chini wiki nzima. Festo alikwenda semina, akarudi na begi jipya lenye nembo. Katika muda huo mama alianza kulala mchana, yeye ambaye sikuwahi kumwona amelala jua likiwa juu, na akimwamsha mtu kumwomba maji alisema samahani.

Na Kasulu, Bi Rukia alikuwa ndani ya eda yake. Mimi ndiye niliyeuza dukani. Yeye alikaa nyuma ya pazia, anashona mikono ya magauni, na simu iko kwenye kiti cha pembeni, kiti ambacho hakuruhusu mtu akikalie. Umeme ulipokatika alinituma kwa kinyozi mwenye jenereta nikachaji, na hakutaka niiache pale nikarudi baadaye. Nikae nayo. Ikilia niikimbize. Nilikaa kwenye benchi la kinyozi mara nyingi sana, nimeshika simu ya mwanamke ambaye alikuwa akimwita mume wake bwana yule, na nilikuwa bado mjinga kiasi cha kudhani kwamba hajali neno la baba, anangojea simu za Jafari.

Baba alimpigia mara moja tu katika muda huo wote. Nilikuwa nimeingia ndani kuchukua mkasi. Alitaka kujua kama mabati aliyoyaacha kwa fundi bado yapo. Bi Rukia alimjibu polepole, bati kwa bati, akamweleza mvua ilivyokuwa, akamweleza habari za fundi na mke wa fundi, akaacha nafasi, akauliza kama kule kuna baridi, akaacha nafasi tena. "Kuna jingine?" akauliza mwishoni. Kulikuwa na jibu fupi. "Haya," akasema, akairudisha simu kwenye kiti chake.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Wiki chache baadaye baba alinipigia mimi, nikiwa peke yangu dukani, mchana, hakuna mteja. Tulizungumza kuhusu kibali cha mama, kwamba kimebakiza saini moja. Halafu akauliza, "Mama yako Mdogo hajambo? Anasemaje?" Nilijua siku zilizobaki. Bi Rukia alikuwa na kalenda ya msikiti ukutani na alikuwa akiweka nukta. Ningeweza kumwambia baba, zimebaki siku tisa, mpigie leo, sema neno. Ilikuwa sentensi ya kutosha pumzi moja. Lakini nilifikiri, akirejewa, Festo atasikia, mji wetu ni mdogo, jina lake litarudi kwenye ule mstari na la mama litatoka, na mama hajapasuliwa. "Hajambo," nikasema. "Hasemi kitu." Baba akasema basi vizuri, akakata. Nikachukua kitambaa ambacho hakuna aliyekuwa amekiagiza, nikaanza kukipima.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Bi Rukia aliamka mapema, akaoga, akapika chai yenye hiliki na mkate wa kumimina, akafungua duka mwenyewe. Ile simu akaitupia kwenye droo pamoja na chaki. Mama alipasuliwa Kigoma wiki iliyofuata. Walimtoa uvimbe wa ukubwa wa papai dogo, na siku ya tatu alikuwa ameshaanza kumlalamikia muuguzi kuhusu uji. Kadi aliyopokelewa nayo ilikuwa na picha yenye masikio yote mawili.

Nilimweleza mama habari ya talaka alipokuwa amerudi Kibondo na ana nguvu ya kukasirika. Alikasirika kweli. "Kwani nilimwomba?" akasema. "Nani kamwambia mimi nataka deni la namna hiyo?" Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alipakia debe la maharage ya njano na mikungu miwili ya ndizi, akapanda basi hadi Kasulu, akaingia dukani akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Bi Rukia alimpisha nyuma ya pazia na mimi nikabaki mbele. Nilitegemea kusikia shukrani, au kilio. Kikombe kiligonga sahani, na nikajua kwamba kabati la vioo limefunguliwa.

"Mwakeye," mama akasema, salamu ya kwetu, kama ndiyo kwanza wanaonana.

"Sijui kuitikia hiyo," Bi Rukia akasema. "Nifundishe."

Baadaye sana nikamsikia mama akiuliza, "Anakoroma bado?"

"Mimi nikuulize wewe. Kwangu ana miaka miwili hajalala."

Wakacheka. Sijawahi kusikia dharau iliyotulia namna ile, bila sauti kupanda, wanawake wawili wakimkunjua mtu mmoja kama kitambaa na kuonyeshana alipotoboka. Walipitia namna anavyokula, namna anavyotoa ahadi, namna anavyosimama mbele ya kioo na magwanda. Mama alilala pale siku nne. Alipoondoka walipeana mikono tu, lakini tangu hapo kila msimu wa maharage debe lilikwenda Kasulu, na kila Idi kitenge kilikwenda Kibondo, mpaka mwezi uliopita.

Baba alirudi mwezi wa kwanza. Wakala alikuwa ameshaondolewa, mkataba umekatishwa au umeisha, hakuna aliyetueleza. Festo aliondoka na kompyuta yake na kuliacha bango likipigwa na mvua. Alikuja msimamizi mwingine mwenye gari la rangi nyingine, na fomu mpya, na kwenye fomu mpya mistari ya wenza ilikuwa minne. Baba alifika dukani na sanduku la magurudumu, amenenepa, ana miwani ya jua. Alitoa fomu kwenye bahasha, akaiweka juu ya meza ya kupimia.

"Nimekuletea," akamwambia Bi Rukia. "Sasa wanaruhusu. Jaza hapo wa pili."

"Wa pili wa nani?"

Baba akacheka. Alipoona hakuna anayecheka alivua miwani. "Si tulikubaliana? Ile ilikuwa karatasi."

"Tulikubaliana utasema neno kabla eda haijaisha. Imeisha mwezi wa nane."

"Rukia, nilidhani unajua kwamba nimekurejea."

"Ningejuaje?"

Alisema kule kulikuwa na kazi. Alisema mtandao ulikuwa mbaya. Alisema anaweza kuoa upya, kwani tatizo nini, amwite sheikh sasa hivi. Akaingia mteja, mwalimu aliyetaka mita tatu za poplini, na Bi Rukia akachukua mkasi, akampimia, akamfungia, akamuuliza habari za watoto, baba amesimama pembeni na sanduku lake kama mtu anayesubiri zamu. Mteja alipotoka, Bi Rukia aliirudisha ile fomu kwenye bahasha na kumkabidhi. "Nenda Kibondo," akasema. "Mkeo yuko huko. Umjulie hali, alipasuliwa."

Baba alienda. Mama alimpokea, akampikia, akaendelea kuwa mwenza wake wa kwanza na wa pekee kwenye fomu ya mistari minne, na kumheshimu hakumheshimu tena hata siku moja. Nadhani hajawahi kugundua.

Siku ile ya dukani, baba alipokwisha kuondoka na sanduku lake, nilikaa kwenye kile kiti cha simu, nikamwambia Bi Rukia kwamba baba aliwahi kunipigia siku tisa kabla ya eda kuisha, akaniuliza anasemaje, nami nikamjibu hasemi kitu. Nilisema yote, pamoja na hesabu yangu ya kuogopa Festo.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Mbona hukutoka?"

Alikuwa anakusanya vipande vya poplini vilivyoanguka chini ya meza, anavitia kwenye kikapu.

"Mama yako alikuwa bado hajapasuliwa," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.